Tela bapa la kuvutwa na Hilux: lipi linafaa kwa mahindi, pawatila na mteremko wa Kitonga

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninalima mahindi Ilula na vitunguu Ruaha Mbuyuni. Nina Hilux dabo kebini ya dizeli 2.5, foo-wili, ya mwaka 2009. Nataka tela bapa la kuhamishia pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili, kati ya mashamba hayo mawili, na msimu ukifika nishushie mahindi Morogoro, magunia 20 kwa safari. Fundi mmoja wa Iringa yuko tayari kunichomelea la futi 12 kwa 6, tairi mbili, sakafu ya pleti ya milimita 4, ekseli ya gari dogo la zamani. Breki anasema hazina haja kwa sababu Hilux ina nguvu. Mtu mwingine anauza tela lililotumika Ulaya, lina tairi nne na kibao kinachosema kilo 2,000, ila bei yake inakaribia mara mbili ya lile la fundi. Nichukue lipi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Chukua la tairi nne, mradi lipite ukaguzi nitakaokueleza. Tela la fundi, kwa jinsi alivyolipanga sasa, usishuke nalo Kitonga, mteremko ulio kati ya mashamba yako, hata likiwa na pawatila peke yake. Na magunia 20 kwa mkupuo mmoja uyasahau: gari lako na tela linalolifaa vitabeba 16, na nitakuonyesha hesabu yake.

Fundi kasema Hilux ina nguvu, na hapo kasema kweli. Dizeli ile ina mvuto mzuri kwenye gia za chini. Lakini kuvuta ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Sehemu ngumu ni kusimama, na breki za gari lako zilipimwa kwa uzito wa gari na kile kinachokaa kwenye bodi yake. Ukifunga nyuma tani moja na nusu isiyo na breki, uzito wote huo unakusukuma, na breki zile zile nne ndizo zinazotakiwa kuuzuia. Kwa sababu hiyo watengenezaji huandika viwango viwili vya kuvuta: cha tela lenye breki na cha tela lisilo na breki. Kwa Hilux na pikapu nyingi za ukubwa wake, kiwango cha tela lisilo na breki ni kilo 750, ukijumlisha tela lenyewe na mzigo wake. Hata Hilux mpya za 2.8, zilizoandikiwa kilo 3,500 kwa tela lenye breki, bila breki zinarudi kwenye 750 hiyo hiyo.

Sasa lipime tela la fundi wako kwa kiwango hicho. Sakafu ya futi 12 kwa 6 ni kama mita za mraba 6.7. Pleti ya chuma ya unene wa milimita moja ina uzito wa karibu kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo pleti ya milimita 4 kwa sakafu yote hiyo ni kilo 210, na hapo hujaweka fremu, ekseli, springi, tairi wala mti wa kuvutia, yaani chuma cha mbele kinacholiunga tela na gari. Likimalizika, sitarajii liwe chini ya kilo 500. Limebakisha 250 kufika kikomo. Pawatila ya hospawa 12 hadi 15 pamoja na rotaveta yake, kile kifaa cha kutifulia udongo, huwa kati ya kilo 350 na 500. Kwa maneno mengine, tela hilo likiwa halina breki, hata pawatila moja haliruhusiwi kubeba, achilia mbali mahindi.

Kuna jambo la pili kuhusu hiyo ekseli ya gari dogo. Angalia ubavuni mwa tairi zitakazofungwa. Baada ya ukubwa wa tairi kuna namba na herufi, kwa mfano 195/65R15 91H. Ile 91 ndiyo kipimo cha mzigo, nayo maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. Tairi mbili ni kilo 1,230, na kutoka hapo toa uzito wa tela lenyewe. Hata breki zingekuwepo, ungebeba magunia saba tu kabla tairi hazijazidiwa. Tairi za tela la kazi ziwe zile zenye herufi C mwishoni mwa ukubwa, za magari ya mizigo. 185R14C yenye namba 102 inabeba kilo 850, na 195R14C yenye 106 inabeba 950. Zipo madukani kwa sababu basi dogo nyingi zinazitumia, na hilo nalo ni jambo la kuzingatia kwa mtu anayeweza kupasukiwa na tairi akiwa Mikumi. Zikague pia umri: tarakimu nne za mwisho wa mstari wa DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tela hukaa sana limeegeshwa juani, tairi zake hukauka na kupasuka zikiwa bado na meno mazuri.

Gari lako sasa. Hilux za dizeli za foo-wili za kizazi chako, kile kilichoanza 2005 hadi 2015, nyingi ziliandikiwa kuvuta kati ya kilo 2,250 na 2,500 kwa tela lenye breki, kutegemea zilikouzwa. Soma kitabu cha gari lako, na kibao cha mtengenezaji kilichopigwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, ujue uzito wa juu wa gari likiwa na mzigo. Mimi ningeishia chini ya namba hizo. Gari lina zaidi ya miaka kumi na tano barabarani, na njia yako ni ya mlima. Tela likiwa na mzigo wake wote lisizidi kilo 1,750.

Hesabu ya magunia ni hii. Chukulia tela la tairi nne lina kilo 550 likiwa tupu. Weka magunia 12 ya kilo 100, unapata 1,750. Asilimia 10 ya uzito huo, kilo 175, itatua kwenye ndoano ya gari lako, na kilo hizo unazihesabu ndani ya mzigo wa pikapu. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, wanadhani cha tela ni cha tela na cha gari ni cha gari. Tuseme kibao cha gari kinasema 2,700 na gari tupu lina 1,800. Unayo nafasi ya kilo 900. Toa watu watatu, 220. Toa za ndoano, 175. Zimebaki 505, unaona magunia matano. Lakini ndoano iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo inafanya kazi kama mtu aliyekaa mwisho wa mbao ya pembea: inaikandamiza ekseli ya nyuma na kuinyanyua ya mbele. Kati ya ekseli za Hilux yako kuna milimita 3,085. Ndoano ikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, zile kilo 175 zinaifikia ekseli ya nyuma kama kilo 243, na magurudumu ya mbele yanapoteza kama kilo 68. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya breki. Kwa hiyo weka manne, si matano, na uyasukume hadi yaguse kebini. Kumi na mbili na manne ni 16.

Nazungumzia gunia la kilo 100 lililopimwa. Gunia la lumbesa halina nafasi katika hesabu hii. Likiwa na kilo 120, magunia yale yale 12 yameongeza kilo 240 ambazo hukuziona, na tela la 1,750 limefika karibu 2,000, yaani kikomo cha kibao chenyewe. Magunia ya vitunguu ndiyo hatari zaidi kwa sababu hujazwa hadi kushonewa juu na kila mkoa una kipimo chake. Usipakie kwa kuhesabu magunia, pakia kwa mizani.

Ukiwa na gari na tela vilivyojaa utakuwa umevuka kilo 3,500 kwa jumla. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 1, 2019, inahusu magari kuanzia uzito huo. Kwa hiyo usiipite mizani kama unavyoipita na pikapu tupu. Ingia, upimwe. Ni faida kwako, kwa sababu utaonyeshwa uzito wa kila ekseli, jambo ambalo hakuna fundi wa mtaani anayeweza kukupa.

Tuje kwenye tela lenyewe la tairi nne. Ekseli mbili nazipendelea kwa njia yako kwa sababu moja kubwa: tairi ikipasuka kwenye tela la tairi mbili, upande mzima unaanguka chini na tela linaweza kulivuta gari pembeni. Kwenye tairi nne, ile ya pili inashikilia hadi usimame. Gharama yake ni kwamba tairi zinajikwaruza unapokata kona kali, huwezi kulizungusha kwa mkono uwanjani, na lazima livutwe likiwa limelala sawa kabisa. Pua yake ikiinama au ikiinuka, ekseli moja inabeba zaidi ya mwenzake. Kama ndoano ya gari lako iko juu sana au chini sana, badilisha kimo cha ndoano, usiliache tela liinamie upande.

Ukienda kulikagua, vaa nguo za kazi, ingia uvunguni na tochi. Anza pale mti wa kuvutia unapokutana na fremu ya mbele. Hapo ndipo matela hupasukia. Tafuta mstari mwembamba wa kutu pembeni ya sehemu zilizochomelewa, maana ufa hutoa kutu kabla hujauona kwa macho. Kama kuna chuma kilichobandikwa juu ya chuma kingine na rangi mpya juu yake, uliza ni kwa nini, na usipopata jibu linaloeleweka, ondoka. Kisha nyanyua kila gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, beringi zimekwisha au hazijakazwa. Lizungushe usikilize: sauti ya kukwaruza kwa mfululizo ni beringi, na kukwama mara moja kwa kila mzunguko mara nyingi ni ngoma ya breki iliyopinda.

Sasa breki, ambazo ndizo sababu ya kulipa hiyo bei kubwa. Matela ya Ulaya ya uzito huu karibu yote yana breki za kusukumwa. Ukipunguza mwendo, tela linasukuma kuja mbele, chuma cha ndoano ya tela kinaingia ndani ya mfuko wake, na kuingia huko kunavuta nyaya zinazobana breki kwenye magurudumu. Hazihitaji umeme wala bomba la mafuta kutoka kwenye gari. Jina la watengenezaji AL-KO au Knott likiwa limepigwa kwenye ndoano ya tela na ekseli ni dalili nzuri, kwa sababu vibao vyao vinaonyesha wazi uzito ambao kila kipande kilitengenezewa. Uzito wa tela ni ule wa kipande chenye namba ndogo kuliko vyote (namba za ekseli mbili uzijumlishe), hata kama fremu ingebeba tani tano. Kuzipima breki, vuta breki ya mkono ya tela juu kabisa kisha jaribu kulivuta taratibu kwa gari. Magurudumu yote manne yakatae kuzunguka. Ishushe breki ya mkono, sukuma ndoano ya tela kwa nguvu iingie ndani: iingie kwa uzito na irudi yenyewe polepole. Ikiingia kirahisi na kugonga, kidhibiti mshtuko kilichomo ndani kimekufa, na utausikia mgongo huo mgongoni mwako kila ukigusa breki. Kitumie kuomba upunguziwe bei, kinabadilishika.

Kitonga kina namna yake ya kuzitesa breki hizi. Ukishuka kwa gia ya chini, kama inavyopaswa, injini inalizuia gari, lakini tela linaendelea kusukuma, na kwa sababu linasukuma breki zake zinabana muda wote wa mteremko. Zinapata joto. Zikizidi joto zinalegea, na hapo mzigo wote unahamia kwenye breki za gari ambazo nazo zimeshachoka. Kwa hiyo ingia kwenye mteremko ukiwa tayari kwenye gia ya pili, usisubiri kona ya kwanza ikukumbushe. Breki ya mguu ikanyage kwa nguvu kidogo, kwa muda mfupi, kisha achia ipoe, badala ya kuilalia mguu njia nzima. Malori yaliyo nyuma yako yatapiga honi. Waache wapige. Ukifika Ruaha Mbuyuni simama, zunguka tela, sogeza kiganja karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, bila kuigusa. Zote ziwe na joto linalolingana. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, kuna breki inayoshika au beringi inayokufa, na usiendelee hadi ujue ni ipi.

Kuna kamba nyembamba ya chuma inayotoka kwenye breki ya mkono ya tela. Wengi wanaiona kama takataka na kuikata. Ile inafungwa kwenye gari, ili tela likichomoka, kamba ivute breki kabla ya kukatika, na tela lisimame peke yake. Ifunge kila safari kwenye chuma cha gari, pasipo kuizungushia kwenye tufe la ndoano lenyewe. Kwa tela lisilo na kamba hii, tumia minyororo miwili iliyopishana chini ya mti wa kuvutia, ili ndoano ikichomoka mti uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

Ndoano ya gari lako sikuisikia ukiitaja, nayo ni muhimu kuliko rangi ya tela. Isichomelewe kwenye bampa. Bampa la nyuma la pikapu nyingi limewekwa kwa kukanyagia. Chuma cha kuvutia kinatakiwa kifungwe kwa bolti kwenye reli mbili za chesesi, kila upande bolti zaidi ya moja, na kiwe na kibao cha uzito wake. Tela la Ulaya linataka tufe la milimita 50. Ukikutana na kikombe cha Kimarekani cha inchi 2, hicho ni cha milimita 50.8, na kwenye tufe la 50 kinalegea. Vilingane. Tufe lililochakaa upande mmoja likawa kama yai, litupe.

Tela likipita yote hayo, linunue. Kama halitapita, rudi kwa fundi wako, lakini na masharti yako. Aachane na pleti ya milimita 4, aweke mbao ngumu za sakafu, ambazo zinabadilishika moja moja na zinashika mzigo usiteleze. Mti wa kuvutia uwe wa pembe tatu, vyuma vyake viwili vipite chini ya fremu hadi kwenye vishikizo vya springi za mbele, visiishie kwenye chuma cha mbele tu. Asichomelee mstari wa kukata upana wa chini wa cheneli (chuma cha fremu chenye umbo la U), kwa sababu upande huo ndio unaovutika mzigo unaporuka, na mstari huo ndio ufa utakaofuata. Ekseli zinunuliwe mpya, zikiwa na habu za breki na namba ya uzito iliyopigwa. Kabla ya kuzinunua, nenda na namba za beringi kwenye duka la spea la Iringa. Zikiwepo rafuni, nunua seti moja ya ziada pamoja na sili zake. Zisipokuwepo, tafuta ekseli nyingine. Beringi ya tela ikifa barabarani, haikusubiri agizo la wiki tatu.

Na ekseli zikae wapi? Hapa mafundi wengi huweka katikati ya sakafu kwa sababu inapendeza machoni. Tela lenye ekseli katikati kabisa, likipakiwa kidogo nyuma, linainyanyua ndoano, na hapo huanza kuyumba mkia. Ukiwa kwenye mwendo, kuyumba huko kunakua kwa kila mpigo hadi tela lilishinde gari. Kwa sakafu ya futi 12, ambayo ni mita 3.66, na mti unaotokeza mita 1.4 mbele yake, kitovu cha ekseli kikae sentimita 36 nyuma ya katikati ya sakafu, au karibu mita 2.19 kutoka ukingo wa mbele. Mzigo ukitandazwa sawasawa, hapo asilimia 10 itashuka kwenye ndoano yenyewe. Kama ni ekseli mbili, kipimo hicho ni cha nukta iliyo kati yake.

Usikubali neno la mtu juu ya hiyo asilimia 10. Ipime. Mnunuzi wa mahindi yeyote ana mizani ya jukwaa. Peleka tela likiwa limepakiwa, likae mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. Simamisha kipande cha gogo juu ya mizani, kirefu kiasi cha kuifikisha ndoano kwenye kimo chake cha kawaida inapokuwa kwenye gari, na uishushe ndoano juu ya gogo. Soma, toa uzito wa gogo. Kwa mzigo wa magunia 12 unatafuta kama 175. Ikisoma 90, hamisha gunia moja au mawili kutoka nyuma kwenda mbele. Ikisoma 260, rudisha nyuma. Kwa pawatila, jumla ni kama kilo 1,000, kwa hiyo unatafuta 100. Pawatila ina injini upande mmoja na rotaveta upande wa pili, uzito wake haukai katikati ya magurudumu. Isogeze mbele na nyuma hadi mizani ikubali, kisha chora alama ya rangi sakafuni pale magurudumu yake yaliposimama. Safari zote zijazo unaegesha kwenye alama.

Upakiaji wa pawatila una hatari yake. Sakafu ikiwa sentimita 75 kutoka ardhini, tumia njia za kupandishia zisizopungua mita 2.5, la sivyo mwinuko unakuwa mkali na mashine inataka kuinuka kukurudia. Kabla ya kuipandisha, weka miguu ya chuma chini ya nyuma ya tela. Bila hiyo, pawatila ikiwa kwenye ukingo wa nyuma inalinyanyua gari lako mkia, na breki ya mkono ya Hilux iko kwenye magurudumu ya nyuma. Mtu asisimame nyuma ya mashine inapopanda, wala mtoto asiwe karibu. Ikishakaa, ifunge kwa mikanda minne, pembe zote, ikivuta kwenda chini na nje. Mikanda iwe na uwezo wa kuzuia angalau asilimia 80 ya uzito wa mzigo kwenda mbele na nusu yake kwenda pembeni na nyuma. Kwa kilo 450 ni kilo 360 kwenda mbele. Kamba za katani za kufungia kuni hazifai, hazina namba ya uzito na zinalegea zikilowa. Baada ya kilomita chache za kwanza simama uzikaze upya, maana mzigo hukaa sawa barabarani.

Taa za tela zinawasumbua wengi, na mara nyingi kosa ni moja: waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme. Kwenye plagi ya Ulaya ya pini saba, mweupe ndio ethi. Ukiona unawasha indiketa ya kushoto na taa ya breki inapepesa nayo, usianze kubadilisha balbu, angalia mweupe huo, mwisho wake wa kwenye gari na mwisho wake wa kwenye tela, uusugue hadi chuma king'ae.

Mwendo wako ukiwa na mzigo uwe 80 kwa juu kabisa, hata Morogoro ikiwa karibu na barabara ni nyeupe. Ukihisi tela limeanza kuyumba, achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usigonge breki na usijaribu kulirekebisha kwa kukata kushoto na kulia. Litatulia lenyewe mwendo unaposhuka. Likitulia, egesha upime ndoano, kwa sababu mzigo umekaa nyuma.

Kuhusu karatasi, tela linasajiliwa TRA na kupata namba yake mwenyewe, tofauti na ya gari. Kwa tela lililotumika, namba ya chesesi iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, kabla hujatoa fedha. Bima yake nayo uiulize kwa jina lake. Usidhani ya gari inalifunika.

Kabla hujalipa, soma kibao cha gari lako na uniandikie namba zilizopo, pamoja na kimo cha ndoano kutoka ardhini gari likiwa tupu. Kama uzito wa juu wa gari lako uko chini ya 2,700 niliyoichukulia hapa, magunia ya kwenye bodi yatapungua kwanza kabla ya yale ya kwenye tela, na nitakupangia upya.